Sura ya Saba: Kicheko cha Wanawake wa Kibingo

Sajini Mutalemwa alikwisha kwenda kuiona sinema ile mara mbili, na mara zote mbili hakuitazama sinema. Aliwatazama watu.

Mara ya kwanza ilikuwa Nyakahanga. Mara ya pili ilikuwa jana yake jioni hapa Kibingo, kwenye ukuta wa ghala la kahawa, giza lilipoanza tu kushika. Gari la sinema lilisimama, injini ikanguruma, shuka jeupe likatundikwa, na watu wakakaa chini wanaume upande wao na wanawake upande wao kama kanisani. Sinema yenyewe iliitwa Kalamu ya Mwizi. Walioitengeneza ni Wazungu wawili waliotoka Nairobi, na walisema kila kitu ndani yake ni kweli tupu.

Kisa chake kilijulikana Karagwe nzima. Mwaka uliopita mtumbwi ulizama kwenye mto Kagera upande wa Murongo, akafa mzee mmoja wa Kibingo, Mungu amrehemu. Gazeti la mjini Bukoba likaandika habari hiyo kwa mkono wa bwana mmoja mwandishi, Placidius. Baadaye kidogo gazeti dogo la misheni nalo likaiandika, kwa mkono wa Mwalimu Yustus wa shule ya hapo Kibingo, aliyekuwa bado mgeni pale. Habari zilikuwa moja, mstari kwa mstari, isipokuwa mahali pamoja tu. Hata kosa lilikuwa moja. Marehemu aliitwa Byabato, na magazeti yote mawili yalimwita Rwechungura.

Basi ikawa wazi kwamba mmoja amemwibia mwenzake. Na kwa kuwa gazeti la misheni lilitoka nyuma, wakubwa wakasema mwizi ni mwalimu. Wakamtoa kwenye gazeti, halafu wakaja wenye sinema.

Yustus alivumilia mpaka ile siku ya Nyakahanga. Siku hiyo Placidius mwenyewe alikuja na gari, amevaa suti, akasimama mbele kusalimia watu. Yustus akanyanyuka katikati ya mkutano, akanyoosha kidole, akasema, "Mwizi ni huyo! Nilimpa karatasi yangu aifikishe Bukoba, akaifanya yake!"

Placidius akampeleka kwenye baraza la gombolola, mahakama ya eneo lile, kwa kumkashifu. Kesi ilikuwa kesho. Yustus akishindwa kuthibitisha aliyoyasema, atafungwa, na mtu aliyefungwa hawezi tena kufundisha watoto. Hakimu wa baraza, mzee mtaratibu asiyependa kufunga mtu kwa kubahatisha, alimwomba Sajini aende Kibingo akatafute ukweli uko wapi.

Sajini alikuwa na maneno ya pande mbili. Yustus alisema habari ile aliipata kwa Kemirembe, mke wa mtoto wa marehemu, nyumbani kwake. Placidius alisema aliipata kwa Desderius, mdogo wake marehemu, pale pale mtoni. Kemirembe aliitwa barazani akasema hajapata kuongea na mwalimu. Desderius aliitwa akasema ndiyo, alimweleza Placidius kila kitu. Mwalimu alikuwa amebaki peke yake.

Sajini hakwenda kuuliza habari za kesi. Alijua ukimwuliza mtu habari za kesi hufunga mdomo. Ukimwuliza habari za sinema, kila mtu ni hakimu.

Asubuhi ile alianza ghalani. Wanaume walikuwa wakigeuza kahawa kwenye mikeka.

"Sinema mliionaje?" akauliza.

"Mbaya," akasema mmoja bila kunyanyua kichwa.

"Kwa nini?"

"Ng'ombe. Umeona pembe za wale ng'ombe? Fupi kama vidole. Ng'ombe wa wapi wale? Na wanasema ni Karagwe."

"Ng'ombe si neno," akasema mwingine. "Mto je? Ule si mto wetu. Kagera pale Murongo pana matete mpaka juu ya kichwa. Ule wa sinema una mawe. Nani aliona mawe pale?"

"Na Byabato kavalishwa viatu!"

Wakacheka. "Byabato na viatu! Angeanguka kabla hajafika mtoni."

Sajini akalishika lile neno la mto. Kama mto si wenyewe, labda Placidius hakufika mtoni kabisa, na aliwapeleka Wazungu mahali pasipo penyewe kwa sababu hakupajua. Akamtafuta dereva wa gari la sinema, akamkuta chini ya gari lake, mikono imejaa grisi.

"Ule mto mliupigia picha wapi?"

"Mbali, afande. Huko Uganda ndani."

"Placidius ndiye aliyewaonyesha?"

"Hapana. Placidius alitupeleka Murongo vizuri kabisa, njia zote anazijua, alifanya kazi ya ukarani pale forodhani. Lakini mvua ilikuwa imejaza mto. Wazungu waliogopa kamera itaingia maji."

Basi. Njia ile ikaishia pale. Sajini akamshukuru, akaondoka.

Akiwa njiani akajiuliza swali ambalo lilikuwa limemkaa tangu jana. Kuna mahali sinemani Desderius mwenyewe anatokea, amesimama ukingoni, analia, anamwambia Placidius, "Kaka yangu Rwechungura amechukuliwa na maji." Ni mahali pa huzuni. Nyakahanga watu walinyamaza pale. Hapa Kibingo wanaume walinyamaza vile vile. Lakini upande wa wanawake kilitokea kicheko. Mwanamke mmoja mzee alisema neno kwa Kinyambo, haraka, na wenzake wakajifunika nyuso kwa nguo zao.

Wanawake hawacheki msiba. Walicheka nini?

Mwanamke yule mzee aliitwa Felicitas. Alikuwa mjane, jirani ya nyumba ya marehemu, shamba kwa shamba. Sajini alimkuta amekaa mbele ya nyumba anamenya ndizi za mchana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kisu kingine kile pale. Mtu asiyefanya kazi hapa kwangu haulizi kitu."

Sajini akakaa, akashika kisu, akaanza kumenya. Felicitas akamtazama, akatikisa kichwa.

"Waitu! Mwanamume na utomvu wa ndizi mikononi. Mkeo akikuona?"

"Mke wangu amelala, bibi. Tangu mwaka wa ile njaa."

"Pole sana."

"Nimeshapoa."

Wakamenya. Kuku wakapita. Sajini akasema, "Jana mlicheka."

"Nani kacheka?"

"Wewe ulisema neno, wenzako wakacheka. Pale Desderius alipokuwa akilia."

"Umri huu, mwanangu, mtu husema mengi."

"Ulisemaje?"

Felicitas alitupa ndizi kwenye chungu. Uso wake ulikuwa mkavu, lakini mabega yalianza kutikisika.

"Nilisema, kwani Desderius ameolewa lini?"

Sajini hakucheka. Hakuelewa.

"Ninyi watu wa Muleba," akasema Felicitas. "Kwenu mkwe anamwitaje baba wa mumewe?"

"Hamtaji jina. Anasema mzee, au ananyamaza."

"Vizuri. Huku nyumba nyingine ni hivyo hivyo. Lakini nyumba ya pale," akaelekeza kidevu kwenye migomba ya jirani, "ni watu wa zamani. Bibi arusi akiingia, mama mkwe anamkalisha jikoni, anamwambia, mzee wa nyumba hii jina lake hulitaji mpaka ufe, wewe utamwita hivi. Anampa jina kamili. Ukimwuliza habari za mzee, atakujibu kwa jina hilo wala hatakueleza kwamba si lenyewe, maana kukueleza ni kama kulitaja. Ni jina la jikoni. Wanaume hawalijui, na wakilijua hawalitumii. Sasa unamwona mwanamume na ndevu zake anasimama mtoni, analia, anamwita kaka yake kwa jina la jikoni! Ungekuwa wewe usingecheka?"

Kisu cha Sajini kilikuwa kimesimama.

"Rwechungura," akasema.

"Mimi sikulitaja. Umelitaja wewe."

"Byabato alikuwa na wakwe wangapi?"

"Mtoto wa kiume mmoja, mke mmoja. Kemirembe. Mama mkwe alikufa zamani. Hakuna mwingine aliyepewa jina hilo, ila sisi wanawake tunaotembeleana naye ndio tunalisikia."

"Bibi, utakuja kesho barazani useme haya?"

"Mimi? Mimi sikusema kitu, nilicheka tu. Barazani wanaandika kicheko?"

Sajini akaosha mikono. Utomvu haukutoka wote. Akatembea hadi kwa Desderius akiwa na jambo moja kichwani: kosa lile halikuwa kosa. Lilitoka kinywani mwa mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuwa mtoni.

Desderius alikuwa kivulini pa nyumba yake na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, mkononi, amevaa koti lile lile alilovaa sinemani. Alimkaribisha Sajini vizuri. Tangu sinema ije, alikuwa akimkaribisha kila mtu vizuri.

"Umeniona nilivyolia?" akauliza.

"Nimeona. Kaka yako mlimwitaje hapa nyumbani?"

"Byabato."

"Tangu utoto?"

"Tangu tumbo la mama."

"Mbona sinemani umesema Rwechungura?"

Desderius akanywa kidogo. "Wale Wazungu walitaka nifuate gazeti. Walisema sinema na gazeti visipigane."

"Sawa. Na siku ya maji, ulipomweleza Placidius kwa mara ya kwanza, hapakuwa na gazeti bado. Ulimtajia jina lipi?"

"Nilikuwa na msiba, Sajini. Mtu mwenye msiba husema lolote."

"Hata jina ambalo si la kaka yake?"

"Lolote."

"Mtumbwi ulikuwa wa nani?"

"Wa kwangu."

"Mwalimu aliandika kwamba ulikuwa na ufa, umezibwa kwa kitambaa cha gome la mti, na wewe ulijua. Placidius yeye ameandika kiboko. Hapo tu ndipo habari zao zinapoachana."

"Kiboko, ndiyo. Ndiye aliyeupindua."

"Nani alimwona huyo kiboko?"

"Si umemwona mwenyewe jana?" akasema Desderius. "Sinemani."

Sajini akamtazama. Hakuwa anatania.

"Asante kwa rubisi," akasema, ingawa hakuwa amepewa.

Kemirembe alikuwa ndani ya shamba la migomba, anatandaza nyasi kuzuia jua lisikaushe udongo. Alikuwa mwanamke mwembamba, kitambaa kimefungwa chini sana kwenye paji. Mumewe alikuwa kwenye machimbo ya bati, Kyerwa, na alirudi nyumbani pale alipoweza. Aliposikia hatua alipiga magoti akasalimia, kisha akaendelea na kazi yake.

"Tata, nilikwisha kusema barazani. Sikumwona mwalimu."

"Sikuja kukuuliza habari za mwalimu."

"Basi unataka nini?"

"Ninaandika majina ya wafu wa maji. Mzee wa nyumba hii aliyechukuliwa na mto, aliitwa nani?"

Kemirembe alitupa fungu la nyasi, akalitawanya kwa mguu.

"Rwechungura," akasema.

Kisha mguu ukasimama. Alibaki hivyo, mgongo umeinama, kama mtu aliyesikia mlango unafungwa nyuma yake.

"Umeniuliza vibaya," akasema.

"Nimekuuliza kama mwalimu alivyokuuliza."

Upepo uliyageuza majani makavu ya migomba. Sajini akasubiri. Kungoja alijua, kazi hii ilikuwa imemfundisha.

"Alikuja siku ya tatu ya msiba," akasema Kemirembe mwishoni. "Wanaume wote walikuwa mtoni wanatafuta mwili. Niko peke yangu na watoto. Aliomba maji, nikampa. Akauliza polepole, akawa anaandika. Nilimwambia habari ya ufa. Nilimwambia mzee aliogopa ule mtumbwi, na baba mdogo Desderius akamwambia mbona unaogopa kama mwanamke. Kulikuwa na mtu wa kuambiwa, nikasema."

"Barazani ulikataa."

"Barazani baba mdogo alikuwa amekaa mbele yangu. Mzee amekufa, mume wangu yuko machimboni. Hili shamba unaloliona, mwenye kusema nani alime na nani atoke ni baba mdogo. Watoto wangu wanakula hapa."

"Najua."

"Kama unajua umekuja kufanya nini?"

Sajini alivua kofia.

"Nikienda barazani bila wewe, nina kicheko cha bibi kizee na jina lisiloeleweka. Hakimu hawezi kuamua kwa hayo. Ukija, huna haja ya kusema ulimwona mwalimu. Utaulizwa jina la mzee, basi. Utajibu kama ulivyonijibu mimi. Lakini watu wataelewa, na Desderius ataelewa."

"Atanitoa."

"Anaweza."

"Utamzuia?"

"Siwezi kukuahidi hivyo."

Kemirembe akachukua fungu jingine la nyasi. "Mwalimu atafungwa kweli?"

"Kesho."

"Alishukuru kwa maji," akasema. "Alikirudisha kikombe kwa mikono miwili."

Akaendelea kutandaza nyasi, shina kwa shina, wala hakugeuka tena. Sajini akavaa kofia yake akaondoka.

Asubuhi iliyofuata baraza lilijaa. Placidius alikaa mbele, amekunja nne. Yustus alisimama mahali pa mshtakiwa, shati limepigwa pasi vizuri, macho yameganda ukutani. Aliposomewa mashtaka aliitikia kwa jina lake tu. Ilionekana kama amekwisha kufungwa tayari, amebakiza kuhama tu.

Hakimu akamwita Sajini.

"Nina swali kwa mwenye kushtaki," akasema Sajini. "Bwana Placidius, jina la marehemu ulilipata kwa nani?"

"Nimesema mara nyingi. Kwa Desderius."

"Hukuongea na mtu mwingine wa nyumba hiyo?"

"Sikuwa na haja."

"Hata mwanamke?"

Placidius akatabasamu. "Mimi ni mwandishi, Sajini. Habari za mto nitaulizia jikoni?"

"Iandikwe," akasema Sajini kwa karani. "Hakuulizia jikoni."

Kisha akageuka mlangoni. Hakujua kama angemwona mtu. Kemirembe alikuwa amesimama pale, mtoto mgongoni, miguu imelowa umande wa njiani. Nyuma yake walikuwa Felicitas na wanawake wa Kibingo, wamekuja kwa miguu kama waendao kanisani.

Akaingia, akapiga magoti mbele ya Hakimu.

"Mama," akasema Hakimu, "taja jina la baba wa mumeo, aliyekufa maji."

Desderius alikohoa. Kemirembe hakumtazama.

"Rwechungura."

Karani akainua kalamu. "Si hilo. Jina lake hasa, lile la kodi."

Kemirembe akainamisha kichwa.

"Mama, umesikia? Sema Bya..."

"Mwache!" Felicitas alisema kutoka nyuma. "Unataka alitaje mbele ya watu, umekosa adabu? Hilo ndilo jina alilopewa alipoolewa. Mkwe wa nyumba ile hana jingine, na hakuna mwanamume anayelitumia!"

Hakimu, ambaye na yeye alikuwa na wakwe nyumbani, aliweka miwani yake mezani taratibu. Alimtazama Kemirembe aliyepiga magoti. Alimtazama Yustus. Kisha akamgeukia Placidius, akamtazama yeye muda mrefu zaidi.

"Bwana mwandishi," akasema, "nani alikupa jina hili?"

Placidius alishusha mguu mmoja. "Desderius."

Upande wa wanawake kicheko kikaanza kwa mmoja, kikapita kwa mwingine. Safari hii hawakujifunika. Hata wazee wawili watatu wa kiume, walioelewa sasa, waliinamisha vichwa wasionekane meno. Desderius alitazama chini, kwenye vifungo vya koti lake.

Placidius hakujua watu wanacheka nini. Hilo peke yake lilimtosha Hakimu. Akasema kashfa hakuna. Mshtakiwa amesema yaliyo kweli: jina la jikoni lilifika Bukoba kwa karatasi yake. Akasema habari ya ule mtumbwi nayo itatazamwa, Desderius asiende mbali.

Watu wakaanza kutoka. Yustus hakutoka. Alibaki palepale, mikono imelegea ubavuni, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwa mdomo kwamba anaweza kwenda. Ikabidi Sajini amshike kiwiko.

"Mwalimu. Imekwisha."

"Ndiyo, afande," akasema Yustus, na hakusogea.

Mlangoni Desderius alikuwa anangoja. Kemirembe alipoinuka, akamfunga mtoto vizuri mgongoni, Desderius alimwambia bila kupandisha sauti, "Twende nyumbani."

Kemirembe alimtazama usoni, mara ya kwanza siku ile, na pengine mara ya kwanza tangu aolewe.

"Tangulia, baba," akasema.

Akageuka, akarudi upande wa wanawake, akakaa chini. Felicitas alijisogeza kidogo kwenye mkeka akampisha.